Sikio la Kiungwana

"Kuanzia Kilimatinde mpaka Mpwapwa," alisema Sila huku akikunja bendera zake, "mtafuteni mwanamume ambaye maneno ya watu hayamwingii. Mkimpata anayenishinda mimi, njooni mninyoe ndevu bila maji."

Wenzake wakacheka, kwanza kwa sababu Sila hakuwa na ndevu.

Alikuwa mshika bendera pale stesheni ya Dodoma, mwaka wa pili tangu reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, ifike. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya njia: akiinua ya kijani gari la moshi linaondoka, akiinua nyekundu linasimama. Na kwa kuwa halijawahi kumkatalia, Sila alishaanza kuamini kwamba dubwana lile la chuma linamwogopa yeye. Serikali ilimpa koti la kaki lenye vifungo vya kung'aa, pamoja na kofia nzito iliyomshuka mpaka karibu na mashavu. Ndani ya kofia hiyo ndimo alimokunja masikio yake, maana kwao Ihumwa kila mwanamume wa rika lake alitogwa utotoni, na ndewe zikavutwa kwa vijiti na vibuyu mpaka zikaning'inia kama mikanda.

Lakini masikio ya Sila yalikuwa ya kawaida tu. Masikio hasa yalikuwa ya mkewe, Loisi. Jina hilo alipewa misheni alipokwenda kusoma msimu mmoja wa kiangazi. Kusoma akaacha, jina akabaki nalo. Ndewe zake zilifika mabegani, zimejaa pete za shaba, na akitembea zilisikika kabla hujamwona. Usoni, katikati ya paji, alikuwa na alama ya mviringo ya kwao, na akicheka pengo la meno ya chini lilionekana safi, limetolewa na mtu anayejua kutoa. Alipokuwa msichana, vijana wa Ihumwa walikuwa wakimtazama yeye huku ng'ombe wao wakimaliza uwele wa watu. Sila alimpata baada ya kuwashinda wengi, na alikuwa hachoki kulisema hilo.

Mwenye mke kama huyo aliona maneno ya watu hayamhusu, ndiyo maana alijisifu hivyo. Lakini ilimchukua muda mfupi sana kujikanusha, kwa sababu Loisi mwenyewe alikuwa anakuja na chungu cha chakula kichwani.

Nyuma ya Loisi, mlangoni mwa ofisi, akatokea Bwana Stesheni na kiko mdomoni. Alikuwa Mdachi mnene mwenye shingo nyekundu, na Kiswahili chake chote kilikuwa cha amri: leta, toka, upesi, kelele. Alipomwona Loisi akatoa kiko. Akamzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Akainama kwenye sikio la kushoto, akahamia la kulia, kisha akafungua mikono na kutamka kwa Kidachi, kwa sauti ya kujaa kifua, maneno ambayo Sila aliyasikia hivi:

"Shenzi! Shenzi di ora!"

Kisha akarudi zake ndani akitikisa kichwa.

Stesheni nzima ikamgeukia Sila. Siku hizo neno hilo halikuwa la mchezo. Lilikuwa limewagawa watu mafungu mawili: waungwana wenye kanzu na kofia, waliokuja na reli kutoka pwani au waliosema wametoka pwani; na washenzi, yaani wenyeji wote waliowakuta hapa.

"Chakula hiki hapa," alisema Loisi. "Yule amesemaje?"

"Weka chini, nenda nyumbani," alisema Sila.

Akamfuata Khamisi. Huyu alikuwa karani wa simu ya kugonga, kijana wa kanzu nyeupe aliyedai kwamba Bagamoyo ni kwao na kwamba Kidachi amekinyonya pamoja na maziwa ya mama. Ukweli ni kwamba alijua maneno manne ya Kidachi: matatu ya amri na moja la tusi.

"Ndugu yangu Khamisi, Bwana amesemaje?"

Khamisi akajikuna shingo. "Si umesikia? Amesema shenzi."

"Nimesikia. Lakini kwa Kidachi maana yake nini?"

"Shenzi ni shenzi. Hapo lugha zimekubaliana."

"Na hiyo di ora?"

"Di ora... ni hayo masikio. Masikio ya kishenzi. Halafu akaongeza, kwa upole lakini, kwamba mtu wa serikali mwenye vifungo kama vyako haifai awe na mke wa namna ile."

"Yote hayo katika maneno mawili?"

"Kidachi ni lugha fupi sana," alisema Khamisi.

Nyumbani kwao, kwenye vibanda vya wafanyakazi nyuma ya stesheni, jioni ile Sila hakugusa chakula.

"Mlenda una nini leo?" aliuliza Loisi.

"Mlenda hauna kitu. Ni masikio."

"Masikio ya mlenda?"

"Usinifanyie mzaha. Bwana Stesheni kasema masikio yako ni ya kishenzi. Mbele ya watu, Loisi! Mbele ya makuli! Mpaka yule anayezoa mavi ya punda alinitazama kwa huruma."

Loisi akashika sikio lake la kushoto, kama mtu anayehakikisha bado lipo. "Wewe ndiye uliyempiga mwenzako Chiloleti fimbo ya kichwa kwa sababu alisema haya hayafiki mabegani."

"Wakati ule tulikuwa kijijini."

"Na hayo ya kwako?"

"Yangu yako chini ya kofia ya serikali. Serikali imeyafunika."

"Basi iniletee na mimi kofia."

Sila akaona hoja hiyo imemzidi, akalala.

Kesho yake zikaanza sheria. Loisi asitoke nje bila kujifunika kanga kichwani, hata jua likiwa la kukaanga karanga. Chakula asipeleke tena stesheni. Apeleke Dorkasi, jirani yao, ambaye mumewe alikwenda na mafundi waliokuwa wakiisogeza reli kuelekea Tabora. Wakitembea mjini Loisi awe nyuma, na awe nyuma kweli, si ile nyuma ya mtu kujua wako pamoja. Pete za shaba azivue, zinapiga kelele.

Sila hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe, maana ni rahisi kumcheka. Alikuwa mtu aliyesikia neno moja, na neno hilo likawa kama funza kwenye kidole: kila akikanyaga, lipo. Akaanza kuona vitu ambavyo miaka yote alivipita.

"Usicheke mbele za watu," alimwambia siku moja Dorkasi alipokuwa amewatembelea. "Pengo linaonekana."

Loisi alikuwa katikati ya kicheko. Akafunga mdomo hapo hapo, kicheko kikabaki ndani, na kwa jinsi kilivyokwama ungedhani amemeza mfupa. Tangu siku hiyo akawa anazungumza na kiganja mdomoni. Akaacha kuimba akitwanga. Asubuhi moja Sila alimkuta ameinama juu ya mtungi wa maji, anajitazama, anaikunja ndewe kwa kidole kuificha nyuma ya shingo, anaiachia, anaikunja tena. Siku nyingine alimkuta anaisugua alama ya paji kwa jiwe la kuogea, mpaka ngozi imekuwa nyekundu.

Alimwona, akapita kimya. Moyoni alisema: afadhali, anaanza kuelewa.

Aliyesema ni Dorkasi. Yeye alilelewa misheni, masikio yake hayakuguswa, na wafanyakazi wa stesheni walimwita bibi muungwana.

"Usinionee wivu, dada," alimwambia Loisi wakichambua mtama. "Wakati wa usichana wangu walikuwa wananiita Panya. Masikio madogo, mdomo umejaa meno, nani anataka? Kila kijana alinipita kama kisiki. Nilikuwa nalala nimeyashika masikio haya, nayavuta, labda kukicha yatakuwa marefu."

"Yakawaje?"

"Yakaniuma. Halafu reli ikaja, asubuhi moja nikaamka mzuri. Sikufanya kitu! Masikio ni yale yale, wewe na mimi tumebadilishana tu nafasi."

Loisi akataka kucheka. Akakumbuka, akaweka kiganja.

Mustapha alikuwa kinyozi. Kwenye kibanda chake karibu na soko alinyoa, aliumika damu kwa chuku, alitahiri, na kazi ikipungua alishona matandiko ya punda. "Sindano ni moja," alipenda kusema, "tofauti ni uzi." Sifa yake kubwa ilikuwa kuwarekebisha washenzi. Mtu anakuja na ndewe zimening'inia, Mustapha anakata kinachozidi, anashona palipobaki, na mtu anaondoka na sikio ambalo hata Bagamoyo lingepokewa. Khamisi ndiye aliyemwelekeza Sila huko. Alipajua vizuri mno, lakini Sila hakuuliza amepajuaje.

"Nikikata," alisema Loisi usiku walipoizungumza, "utanitazama?"

"Nitakutazama."

"Kama zamani?"

"Kama zamani. Zaidi."

Ndivyo alivyokubali. Hakupigwa, hakufungwa kamba. Alichoka tu kuwa mtu ambaye mumewe anaangalia ukuta anapozungumza naye.

Dorkasi aliombwa aende kumshika kichwa. Alikwenda amenuna. Sila alishika miguu, uso ameugeuzia barabarani. Mustapha akaosha wembe kwa maji ya moto, akautazama kwenye mwanga.

"Leo la kushoto peke yake," alisema. "Nikikata yote mawili homa itamchukua. La kulia tutalifanya hili likipona."

"Kwa hiyo atakaa nusu?" aliuliza Sila.

"Wewe ulipomposa ulimaliza siku moja?"

Loisi hakulia kwa sauti. Alimng'ang'ania Dorkasi mkono mpaka kucha zikaingia. Kipande kikaanguka chini, na kabla Mustapha hajageuka kuchukua uzi, kuku mmoja mwekundu akaruka kutoka chini ya benchi, akakinyakua, akatoka nacho mbio huku wenzake wakimfukuza.

"Kuku wa nani huyo?" alifoka Dorkasi.

"Si wangu," alisema Mustapha akitunga uzi. "Wangu ni weupe."

Sikio lilivimba kama andazi. Homa ilimchukua Loisi siku kadhaa, Dorkasi akawa anamkanda kwa maji ya mwarobaini na kumtukana Sila kwa Kigogo, Kiswahili, na maneno fulani ya Zaburi. Uvimbe uliposhuka kikabaki kitu kidogo kilichokunjamana kama kitovu cha mtoto. Upande wa pili ndewe ya zamani ilibaki ikining'inia mpaka begani, peke yake, kama mjane.

Sila alifurahi. Au aliwaambia watu kwamba amefurahi.

"Kaa upande wa kiungwana," alimwambia Loisi kila mgeni alipobisha hodi, na Loisi alijigeuza, bega la kulia ukutani, sikio lililoshonwa mlangoni. Khamisi alipopita kunywa uji, Loisi aligeuzwa hivyo mpaka shingo ikamkakamaa.

"Mashaallah," alisema Khamisi akipuliza uji. "Kwa upande huu, huwezi kumtofautisha na watu wa kwetu."

"Na kwa upande ule?" aliuliza Loisi.

"Shemeji, kwa nini tuzungumze mambo ya upande ule?"

Kisimani wanawake hawakuwa na adabu kama ya Khamisi. "Loisi, leo umekuja na upande gani?" aliuliza mmoja. "Ukilala kulia ni mke wa Sila, ukilala kushoto ni mke wa nani?" aliuliza mwingine, na ndoo zikawekwa chini watu wacheke vizuri. Watoto wakamwita Loisi Nusu. Kwa waungwana alikuwa bado mshenzi. Kwa washenzi wenzake alikuwa kitu ambacho hakijapata jina. Akaanza kwenda kuteka maji saa ya jua kali, wakati hata mbuzi wako kivulini. Mtungi aliokuwa akijitazama aliufunika kwa ungo.

Na Sila, aliyeahidi kumtazama? Alitazama sikio. Alilikagua kila asubuhi kama anavyokagua bendera, akauliza limepona kiasi gani, ili waende kwa lile la pili.

Siku moja gari la kutoka pwani lilimletea Bwana Stesheni bahasha nene. Akaifungua pale pale kwenye jukwaa, akatoa picha ya wasichana wawili wenye riboni vichwani, mashavu yamejaa, sura kama yake lakini bila kiko. Bwana akaisogeza usoni. Macho yakamlegea, akaibusu ile picha mara mbili, akasema kwa sauti ya kubembeleza:

"Shenzi! Shenzi zi!"

Sila alikuwa karibu na bendera yake. Akasogea. Kuna kitu hakikukaa sawa. Mtu huwatukana watoto wa wenzake. Wa kwake huwatukana wakikosea. Lakini nani amewahi kumwita mwanawe mshenzi huku akimbusu?

Ndipo akaanza kukumbuka. Juzi, gari jipya lilipofika na kichwa chake cheusi kinachong'aa, Bwana alilipigapiga ubavuni akiliita shenzi. Alipopata tikiti maji baridi alisema shenzi, akala lote. Jua lilipozama nyekundu juu ya vilima akasema shenzi na kupumua kwa raha. Alikuwa ni Mdachi anayetukana kila anachokipenda, au—

"Sila!" Bwana alimwita, akamwekea picha puani. Furaha ilikuwa imemwongezea Kiswahili. "Tazama! Mtoto yangu. Shön! Shön sind zi! Wewe jua shön? Shön ni zuri. Zuri sana! Kama bibi yako ile ya masikio. Masikio zuri sana! Wapi yeye? Mimi siku nyingi hapana ona. Kesho leta. Mimi andika picha yake."

Akaingia ndani akipiga mluzi. Kando ya mlango wake alikuwa ametundika pembe za swala, na chini yake ngozi ya chui. Nafasi ya picha ilikuwepo hapo katikati.

Sila akaenda moja kwa moja kwa Khamisi, bendera zikiburuzika.

"Shön ni zuri!"

"Ni zuri, ndiyo," alisema Khamisi bila kuinua uso.

"Wewe uliniambia shenzi!"

"Nilikwambia ulichoniuliza. Wewe ulikuja na shenzi, nami nikakutafsiria shenzi. Kama Bwana alisema shön, wewe ukasikia shenzi, basi, ndugu yangu," na hapo Khamisi akaishusha kofia yake vizuri kufunika mshono wa sikio lake mwenyewe, "tatizo ni masikio yako."

Loisi alikuwa uani anapepeta mtama. Sila aliingia mbio, kofia mkononi, masikio yake yamefunguka yanampiga shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza mjini kuonekana hivyo, na hakujua.

"Loisi! Wewe ni mzuri!"

Ungo ukasimama. "Nani kasema?"

"Bwana Stesheni! Siku ile hakusema shenzi. Alisema shön, maana yake zuri. Masikio yako ni mazuri sana! Kasema mwenyewe leo, kwa Kiswahili!"

Loisi alimtazama. "Na kabla hajasema, wewe ulikuwa unaona nini?"

Sila akalitazama sikio lililoshonwa.

"Tutarudi kwa Mustapha," alisema. "Atalirudishia."

"Atamwomba kuku?"

"Kuna dawa, Loisi. Wanavuta. Sikiliza, hilo baadaye. Bwana anakutaka kesho akuandike picha. Vaa pete zako zote. Ukae tu upande wa kulia, huu mwingine tutauelekeza ukutani. Hataona."

Loisi akauweka ungo chini polepole, mtama usimwagike. Aliposema, kiganja hakikuwepo mdomoni.

"Wiki yote hii nimekaa upande wa kushoto. Kesho nikae upande wa kulia. Siku utakayotaka kunitazama mbele, Sila, utanikuta?"

"Usiseme hivyo, mke wangu."

"Naenda kwa baba. Wataniuliza sikio limekwenda wapi. Sitasema. Nitawaambia wakuulize wewe. Njoo useme kwa mdomo wako mwenyewe ulichofanya na kwa nini, mbele ya baba. Ukisema kweli, nachukua mtungi wangu tunarudi wote, na nusu hii hii. Ukisema lingine, usinisubiri."

"Hutasema lolote?"

"Nimesema sitasema. Umewahi kunisikia nimevunja neno?"

Hakuwahi. Dorkasi akamchukulia mzigo mmoja, amsindikize. Sila alisimama kando ya njia akiwatazama wakifuata reli kuelekea mashariki, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake kitu kiliondoka bila yeye kuinua bendera ya kijani.

Bwana Stesheni alimpa ruhusa baada ya kuambiwa kwamba yule wa masikio zuri yuko Ihumwa, lazima afuatwe. Asubuhi Sila akapanda behewa la mizigo. Mlango wa Dorkasi ulikuwa umefungwa. Akadhani amesharudi na amekwenda kanisani au shambani, hakujishughulisha naye.

Njiani alijizoeza. "Baba mkwe, nilikosea," aliviambia vichaka vya miiba, na vichaka havikukasirika. "Nilisikia neno la mtu nikaliamini kuliko macho yangu." Hilo lilitoka vizuri sana, akalirudia. Mpaka anashuka Ihumwa alikuwa nalo mdomoni limeiva.

Matonya, baba yake Loisi, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya tembe lake, pamoja na wazee wawili majirani na kibuyu cha pombe ya uwele. Loisi alikuwa kando ya ukuta anamenya karanga, kichwa wazi, masikio yote mawili nje: lililopo na lisilokuwepo.

"Mbukwenyi," alisema Sila akiinama kuwasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa," walijibu. Akapewa kigoda. Ndani ya tembe mwanamke alikohoa, na Sila haraka akageuzia mgongo mlango. Mkwe mwanamke hatazamwi, wala hupenyezi macho mahali alipo. Hata mtu wa stesheni hilo hajalisahau. Alijiona mwenye adabu sana.

"Mwanetu amekuja na sikio moja," alisema Matonya. "Tumemuuliza, anasema tukuulize wewe."

Sila akavuta pumzi. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini wale wazee wawili walikuwa wanavitazama vifungo vya koti lake, na walivitazama kwa heshima. Mmoja alikuwa amesogeza kigoda apate kuviona vizuri. Sila akamwangalia Loisi. Loisi akamwangalia yeye, mbele kabisa, akingoja. Hatasema, Sila alikumbuka. Ametoa neno, na Loisi havunji neno.

"Fisi," alisema Sila.

Ganda la karanga likapasuka mkononi mwa Loisi.

"Fisi?" aliuliza Matonya.

"Fisi, baba. Mkubwa, wa kule Makole. Wamezidi tangu reli ije, wanafuata mifupa."

"Usiku?"

"Mchana! Hapo ndipo ajabu ilipo. Loisi alikuwa amelala barazani, joto, unajua. Mimi natoka kazini, namwona huyo, amemshika mwanao sikio, anavuta."

"Fisi akaacha mwili wote, akachagua sikio," alisema mzee mmoja akitafakari.

"Masikio yenyewe, mzee, si unayafahamu? Nani asingeyatamani?"

Hilo wazee walilikubali kwa vichwa, na Sila akapata nguvu. Sasa hadithi ilikuwa inakwenda yenyewe, kama gari likishapata mteremko. Alisimama. Akaonyesha fisi alivyokuwa, alivyoruka yeye, alivyomkaba.

"Na mkononi ulikuwa na nini?" aliuliza Matonya. "Mkuki?"

"Bendera, baba. Nyekundu. Nikamwinulia."

"Akasimama?"

"Papo hapo! Kumbe na wao wanaijua. Lakini meno yalikuwa yameshafunga. Damu! Nikambeba mwanao mabegani, mimi peke yangu, jirani hata mmoja hakuwepo—"

"Jirani alikuwepo."

Sauti ilitoka ndani ya tembe, nyuma ya mgongo wake wenye adabu. Sila alijua mara moja kwamba hiyo si sauti ya mama mkwe, na bado hakuthubutu kugeuka. Haikuhitajika. Dorkasi alitoka mwenyewe, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, akaja akasimama mbele yake na kuinua mkono wa kulia. Makovu ya kucha yalikuwa bado yanaonekana.

"Shikamoo, shemeji. Dada aliahidi hatasema, mimi sikuahidi. Kichwa chake nilikishika mimi, miguu uliishika wewe, na mwenye wembe alikaa katikati. Sasa nieleze na mimi nielewe, maana nilikuwa hapo hapo. Huyo fisi alikuwa amekaa wapi?"

Wazee waliacha kuvitazama vifungo. Loisi akasimama, akakung'uta maganda kwenye kanga, akampita mumewe bila haraka, akaingia ndani. Sila alifuata mgongo wake kwa macho, na lile neno lililoiva njiani likaanza sasa kujitokeza, likiwa limechelewa.

Matonya akaweka kibuyu chini, akamsogelea mkwe wake kwa upole wote.

"Jibu, mwanangu," alisema. "Jibu hata polepole. Huku kwetu masikio tunayo."